Asilimia Mia ya Kitu Gani?

Jamani nimechoka. Kila nikifungua matokeo ya uigaji wa vifaa vya spini naona mchoro uleule wa mkondo na volteji: mstari mwekundu wa spini-juu, wa buluu wa spini-chini, na chini yake majigambo kwamba kifaa "kinachuja spini kwa 100%". Asilimia mia ya kitu gani?

Tuanze na volti sifuri, maana hapo ndipo madudu huzaliwa. Uchujaji ni tofauti ya mikondo miwili gawanya kwa jumla yake. Kwenye volti sifuri mikondo yote ni sifuri. Sifuri kwa sifuri! Mwandishi yeyote wa programu anajua kompyuta itagoma hapo. Basi watu huchomeka kijinamba kidogo kwenye kigawanyo ili programu inyamaze, kisha wanachora jibu kana kwamba limetoka kwenye fizikia. (Hata mimi niliwahi kuandika skripti ya aina hiyo, msinione malaika.) Dawa ipo: kwenye volti sifuri tumia upitishaji wa kila spini kwenye nishati ya Fermi. Hiyo ni namba ya kweli.

Haya, tusogee hadi volti 0.1. Kabla ya kushangilia, soma mhimili wa wima. Kwa kanuni ya Landauer, njia moja ya spini moja, ikiwa wazi kabisa, hupitisha mikroampea 3.87 hivi. Kama spini-juu yako ina mikroampea 0.0000001 na spini-chini ni ndogo mara elfu zaidi, uwiano utapendeza, lakini umegawanya makelele ya hesabu kwa makelele. Hata kama ni mkondo halisi, nani ataupima?

Halafu kuna ugonjwa wa majina. Sumaku za elektrodi mbili zikielekezwa kinyume, "juu" ni spini ya wengi kushoto na ya wachache kulia. Kwenye kifaa chenye ulinganifu, ukubwa wa mkondo wa spini-juu kwa volti +0.5 lazima ulingane na wa spini-chini kwa volti -0.5. Haulingani? Usitangaze ugunduzi. Ongeza nukta za k, rudia hesabu.

Najua mtu atasema nadharia ilishinda kwenye MgO. Kweli kabisa! Mwaka 2001 hesabu zilitabiri badiliko la ukinzani la zaidi ya 1000% kwenye chuma-MgO-chuma, na mwaka 2004 maabara zikapata karibu 200% kwenye joto la kawaida. Ila waliotabiri walieleza sababu: ulinganifu wa mawimbi ya elektroni ndani ya fuwele. Hawakutuonyesha mistari miwili tu wakaondoka.

Kwa hiyo ukinitumia mchoro wako, nitumie pia upitishaji uliohesabiwa upya kwa kila volteji, si ule wa volti sifuri ulioburutwa hadi volti 1.