Gesi ya Ziwa Kivu: maji ya kuosha hewa ya ukaa yaelekezwe wapi?

Ziwa Kivu, linalogawanywa na Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, limehifadhi kinani takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za gesi ya methani. Methani ni nishati. Hewa ya ukaa haiwaki, na ikizidi katika mchanganyiko hupunguza nguvu ya moto. Sharti zitenganishwe.

Kazi hiyo hufanywa na maji ya ziwa lenyewe. Katika mtambo wa KivuWatt wa megawati 26, uliozinduliwa nchini Rwanda mwezi Mei 2016, maji hupandishwa kutoka kina cha mita 350 hivi. Kadiri shinikizo linavyopungua, gesi hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa. Kisha hupitishwa katika minara ya kuoshea. Kwa kuwa hewa ya ukaa huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko methani, maji huibeba sehemu kubwa yake, na methani husafirishwa kwa bomba hadi kituo cha umeme nchi kavu.

Swali gumu huanzia hapo: maji hayo yarudishwe wapi? Yakimwagwa karibu na uso wa ziwa, yanaweza kudhuru samaki wanaotegemewa na wavuvi. Maji ya kinani nayo yakirejeshwa katika kina kisichofaa, yanaweza kudhoofisha matabaka yanayoizuia gesi isipande. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu kina kinachofaa.

Hofu hiyo ina msingi. Tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya ukaa iliyofumka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na kandokando yake wanaishi mamilioni ya watu.

Mwezi Julai 2022, Kinshasa nayo ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi ziwani humo. Lakini Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, huku Rwanda ikikanusha shutuma za kuwaunga mkono. Uhasama huo unadhoofisha usimamizi wa pamoja wakati unapohitajika zaidi. Matabaka ya maji hayatambui mpaka: kosa la mtambo wa upande mmoja litawafikia wakazi wa pande zote mbili.