Kuchora Nako ni Elimu



Ndugu wazazi, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, baadhi ya nyumba hapa Hasamba huingia katika mvutano. Mzazi anataka udaktari. Kijana, ambaye madaftari yake yamejaa michoro, anataka usanifu majengo. Huambiwa kuwa kuchora hakumlishi mtu. Tunaomba jibu hilo lipimwe upya.

Tuchukue mfano wa jirani. Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi, kina urefu wa takribani mita 3 na kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Asilimia 90 hivi ni chuma. Mtoto hufika, akatazama, akapigwa picha, akarudi nyumbani. Nani atamfahamisha maana ya tani 16?

Hiyo ndiyo kazi ya mbunifu wa maonyesho ya makumbusho. Wapo wanaoifanya ndani ya ofisi za wasanifu majengo: hupanga mgeni aone nini, aguse nini na aondoke amefahamu nini. Kwa kimondo, mbunifu angeweza kuweka vipande viwili vya ukubwa mmoja, cha jiwe la kawaida na cha chuma, mtoto avinyanyue. Cha chuma kitamlemea karibu mara tatu, naye hatasahau. Kabla ya kujenga, mbunifu hutengeneza kielelezo cha maboksi, akawaita watoto wakijaribu, akaona wanapokwama, akarekebisha. Huo ni ualimu wa mikono.

Wapo wanaohofia suala la sanamu. Hofu hiyo ni ya haki, na kijana awaulize masheikh kuhusu sura za viumbe wenye roho. Lakini uwanja ni mpana. Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu ya Doha, yaliyofunguliwa mwaka 2008, yalisanifiwa na I. M. Pei, ambaye hakuwa Muislamu. Alisafiri nchi kadhaa kutafuta kiini cha usanifu wa Kiislamu, akakipata katika jengo la kutawadhia la Msikiti wa Ibn Tulun, Cairo. Mgeni ameutafuta urithi wetu kwa safari ndefu. Je, sisi tuwafungie watoto wetu mlango?

Hatusemi njia ni nyepesi. Inahitaji hisabati na fizikia, na miaka ya masomo, kama yale ya Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Kazi za makumbusho nchini ni chache. Hata hivyo, msanifu huyo huyo atahitajika kwenye shule, zahanati na misikiti.

Qur'ani inatuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia, na imo ndani yake sura iitwayo Chuma. Basi kabla ya kumkatalia mwanao, nenda naye Ndolezi, umwulize: ungemfahamishaje mdogo wako jambo hili? Msikilize hadi mwisho, ndipo mshauriane.

Wabillahi tawfiq.