Mwalimu, Pikipiki Iliyo Langoni Ni Somo

Yeyote aliyewahi kusafiri alasiri ya mvua kutoka Litein kuingia ndani ya Bureti, au kutoka Mogogosiek kuteremkia mabonde ya Konoin, ataungama kwamba lami inapoisha ndipo safari yenyewe inapoanza. Udongo mwekundu uliokuwa vumbi asubuhi hugeuka utelezi mtupu. Katika njia hiyo hupita pikipiki. Leo imempakia mama anayewahi zahanati, kesho imebeba gunia la majani mabichi ya chai yanayotakiwa kituoni kabla hayajachomeka, keshokutwa imembeba mwalimu anayekimbilia kipindi cha kwanza. Ikianguka, sote hutikisa vichwa na kusema: ajali haina kinga.

Methali hiyo naiheshimu, lakini leo nathubutu kuipinga. Zipo ajali ambazo kinga yake ilikuwa spana moja, dakika kumi, na maarifa ambayo sisi walimu tunayo ubaoni lakini hatujayafikisha barabarani.

Wazee wanazikumbuka pikipiki za maofisa wa kilimo wa zamani. Zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya nyika na matope: tairi zenye meno makubwa, madigadi ya mbele iliyoinuliwa ili tope lisikwame, na springi ndefu za kumeza mashimo. Kisha mnamo 2008 Serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na vijana kwa maelfu wakajipatia vyombo vyepesi kutoka India na Uchina. Ni vyombo vyema, vya bei nafuu na visivyokula petroli nyingi. Hata hivyo, vingi viliundwa kwa mtu mmoja au wawili katika barabara tambarare ya mjini. Havikuundwa kwa mteremko wa Konoin wakati wa masika. Kijana huitoa pikipiki dukani na kuipandisha mlimani jinsi ilivyo, mithili ya mtu aliyenunua viatu bila kuvijaribu na kuanza safari ya siku tatu.

Wenzetu wanaoshindana kwa pikipiki matopeni, mchezo uliochipuka Uingereza katika mashindano ya Camberley mnamo 1924, walitambua jambo hili mapema. Mshindani hodari haanzi kwa kuivurumisha injini. Huanza kwa kuirekebisha pikipiki ilingane na uzito wake, na njia, na hali ya hewa ya siku hiyo. Basi ikiwa anayekimbia kwa ajili ya kikombe hufanya hivyo, kwa nini asifanye anayebeba roho ya mtu?

Nitatoa kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilipakiwa na kijana niliyemfundisha mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi bora katika fizikia. Asubuhi ile alikuwa ameukaza mnyororo, ile cheni ya nyuma, mpaka ukawa kama uzi wa zeze, akidhani kwamba kukaza ndiko kutunza. Mimi nikapanda, na mkoba wangu wa vitabu juu yake. Tulipoteremka na kuingia katika shimo, mnyororo ulikatika, ukajikunja na kulifunga gurudumu. Mimi nilichubuka magoti. Yeye alivunjika mkono, akakaa miezi miwili bila kazi huku mkopo wa pikipiki ukidai kila wiki. Nilipokwenda kumjulia hali, nilimchorea kwenye karatasi sababu ya mkasa ule. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, hili nililijua. Sikujua kwamba ndilo hili."

Maneno hayo yamenikera mpaka leo. Hebu tuitazame karatasi ile pamoja. Gurudumu la nyuma hushikwa na mkono unaopanda na kushuka. Mkono huo huzunguka kwenye egemeo lake, ambalo liko nyuma kidogo ya sproketi ya mbele. Chora nukta tatu: kitovu cha sproketi ya mbele, egemeo la mkono, na ekseli ya nyuma. Umbali kati ya ya kwanza na ya tatu huwa mkubwa kabisa nukta zote tatu zinapokuwa katika mstari mmoja, na hilo hutokea pale pikipiki inapodidimizwa na mzigo au shimo. Mnyororo uliokazwa pikipiki ikiwa tupu hauna pa kwenda mzigo unapokuja. Dawa yake ni kuacha ulegevu aliouandika mtengenezaji, kisha kuhakikisha kwamba hautoweki abiria anapoketi. Hiyo ni jiometri ya pembetatu, wala si uchawi wa gereji.

Tuje kwenye springi. Ubaoni tunaandika kanuni ya Hooke: badiliko la urefu wa springi hulingana na nguvu inayoikandamiza. Mwanafunzi hunakili na kufunga daftari. Nje ya lango, katika pikipiki nyingi, ipo pete yenye vidato kwenye shokamzoba za nyuma. Ukiizungusha, springi hubanwa hata kabla ya mzigo kupanda. Desturi ya wanaopanda nje ya lami ni kwamba mwendeshaji akiketi, sehemu ya nyuma ishuke takriban theluthi moja ya mwendo wote wa springi. Ikishuka kupita kiasi, pikipiki huchuchumaa, gurudumu la mbele huwa jepesi mlimani na usukani haushiki njia. Ikishuka kidogo mno, gurudumu hurukaruka juu ya mawe, na gurudumu lililo hewani halisaidiwi na breki yoyote. Atakayempakia mtu mzito baada ya kubeba mtoto hana budi kuzungusha pete zote mbili kwa kiasi kimoja. Ni wangapi huzigusa?

Kuhusu tairi, mambo yanahitaji busara zaidi. Tairi yenye meno yaliyotengana hulitapika tope inapozunguka, ilhali ile ya mistari myembamba hujaa udongo wetu mwekundu na kuwa laini kama chungu. Hata hivyo, tairi ya meno hugusa lami kwa sehemu ndogo, na kijana wetu hutoka shambani na kuingia barabara kuu ya Kericho kwenda Sotik ndani ya safari moja. Humfaa tairi ya mchanganyiko, na moyo wa kukubali kwamba hakuna tairi iliyo bora kila mahali. Vivyo hivyo kwa upepo. Wanamashindano huupunguza ili tairi ishike vizuri matopeni, lakini anayemwiga akiwa na tyubu ya kawaida na mzigo nyuma atabana tyubu kwenye rimu au kuing'oa valvu. Afuate kipimo cha mtengenezaji, ambacho hutofautisha safari ya mtu mmoja na ya wawili, na apime kwa geji tairi ikiwa baridi. Kupiga teke tairi si kupima.

Hesabu nayo imo. Chukua mfano wa sproketi ya mbele yenye meno 14 na ya nyuma yenye meno 42: uwiano ni 3. Weka ya mbele yenye meno 13, na uwiano unapanda hadi takriban 3.23. Nguvu inayofika kwenye gurudumu huongezeka kwa karibu asilimia 8, na kasi kwa mzunguko ule ule wa injini hupungua kwa karibu asilimia 7. Kwa anayepanda milima siku nzima hiyo ni biashara nzuri. Kwa anayekwenda Kisumu kila siku ni hasara. Ni mwanafunzi gani wa kidato cha pili atakayesinzia akifundishwa uwiano namna hiyo?

Hata hewa ina la kusema. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya nyanda za chini huipa injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ukiifungua plagi utaiona nyeusi kwa masizi. Nguvu hupungua, na fedha huishia kwenye tangi. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ndiyo dalili ya mchanganyiko mwema. Injini mpya zenye mfumo wa kielektroniki hujirekebisha zenyewe, lakini pikipiki za kabureta bado zimejaa njia zetu, na plagi zake ni cheti cha kemia kinachosomeka bila maabara.

Fauka ya hayo yote, liko somo kubwa kuliko springi na mnyororo, nalo ni utaratibu. Anayerekebisha pikipiki kwa akili hubadilisha kitu kimoja tu, huijaribu katika njia ile ile kwa mzigo ule ule, huandika alichokiona, kisha ndipo aguse kingine. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hajui kilichomponya wala kilichomdhuru. Je, hiyo siyo njia ya sayansi tunayowaimbia watoto tangu madarasa ya chini?

Wapo walimu wenzangu watakaoniuma sikio. Watasema kwamba pikipiki imewanyakua wavulana kutoka madarasani Kericho na Bomet kwa tamaa ya pesa za haraka, na kwamba kuiingiza darasani ni kuifungulia mlango. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mimi pia nimeita majina katika rejista na kukosa jibu. Lakini nauliza: miaka yote hii ambayo tumeinyamazia, je, imewaacha? Kijana huvutwa na kile anachokiona kina maana. Akikutana nayo darasani akiwa na swali mkononi, huenda akaiona injini kama mwanzo wa uhandisi, wala si mwisho wa masomo. Na yule atakayeipanda hata hivyo, tumdai nini zaidi ya kwamba aipande akiwa anajua?

Wengine watasema mtaala umejaa. Nami siombi somo jipya. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikuja na ahadi kubwa za ufundi, ambazo zilififia katika shule nyingi kwa kukosa karakana na vifaa. Mtaala wa umilisi wa sasa unasisitiza tena kazi za mikono. Tusingoje karakana ya mamilioni. Karakana inasimama langoni kila asubuhi ikingoja abiria. Kipindi kimoja tu kwa muhula, injini ikiwa imezimwa, fundi wa soko la jirani akiwa mgeni wa heshima na mwalimu akiwa mfasiri wa kanuni, kingetosha kuanzia. Fundi ataondoka akijua kwa nini. Mwanafunzi ataondoka akijua vipi.

Kwa wanafunzi nina neno fupi. Kurekebisha si kuongeza mbio. Anayekata springi ili pikipiki ipendeze, au kutoboa bomba la moshi ili ingurume, hajarekebisha kitu. Ameharibu kwa kelele. Wala hakuna springi iliyorekebishwa inayohalalisha abiria watatu. Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inaruhusu abiria mmoja tu, na inamtaka yeye pamoja na mwendeshaji wavae helmeti.

Kijana wangu alipona mkono, naye angali barabarani. Chini ya kiti cha pikipiki yake kuna daftari dogo lililofungwa kwa karatasi ya nailoni, na ndani yake ameandika tarehe, upepo wa tairi, na ulegevu wa mnyororo. Aliianza kazi hiyo baada ya kuvunjika. Ningependa wadogo zake waianze kabla.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, mwalimu, utakaposhuka langoni, kabla ya kulipa nauli muulize mwendeshaji wako ni lini aliupima mnyororo wake akiwa na abiria. Kisha ingia darasani na jibu lake.