Kukagua Leseni ya Mwenzako si Uadui

Kuna desturi moja katika zahanati na hospitali zetu ambayo tumeizoea hata tukadhani ni wema. Leseni ya muuguzi imekwisha muda wake, msimamizi wa wodi anajua, lakini ananyamaza kwa sababu wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Au muuguzi anamwomba mwenzake amtilie sahihi kwamba alihudhuria mafunzo ambayo hakufika. Anayekataa huambiwa ana roho mbaya. Mimi nasema anayekataa ndiye mwenye utu.

Kwanza tuelewane. Cheti cha chuo na leseni ni vitu viwili. Cheti husema kwamba ulisoma ukafaulu. Leseni husema kwamba leo hii unaruhusiwa kumhudumia mgonjwa. Leseni ya muuguzi hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya, chini ya Sura ya 257 ya sheria zetu, na kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa. Sisi madaktari nasi hatukusamehewa. Yetu hufanywa upya kila mwaka.

Wengi hudhani hii ni njia ya kutoza ada tu. Hebu tazama malaria, ugonjwa tunaoujua sana hapa Kakamega. Muuguzi aliyehitimu mwaka 1995 alifundishwa klorokwini. Mwaka 1998 serikali iliiacha, ikachukua dawa za aina ya Fansidar. Mwaka 2004 ikaamua kuziacha hizo pia na kutumia dawa mseto ya artemether na lumefantrine. Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wa magharibi mwa Kenya, kaunti yetu ikiwa miongoni mwa zilizochaguliwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo katika cheti chake cha chuo. Yeyote anayetia sahihi ya uongo kuhusu mafunzo anamdhamini mtu huyo mbele ya mtoto mwenye homa.

Tena kuna wasio na cheti halali kabisa. Ripoti ya Tume ya Utumishi wa Umma ya Februari 2024 ilitaja vyeti bandia 2,067 miongoni mwa watumishi wa umma waliokaguliwa. Hao hawakufanya kazi gizani. Walikuwa na wakubwa wao na wenzao.

Wakenya wengi wanaofanya kazi ya uuguzi msaidizi huko Marekani wanajua utaratibu wa kule. Kwa sheria ya mwaka 1987, kila jimbo huweka orodha ya wauguzi wasaidizi, na makao ya kuwatunzia wazee hutakiwa kuitazama kabla ya kumpa mtu kazi. Aliyekaa miezi 24 mfululizo bila kazi hiyo ya malipo hurudia mafunzo au mtihani. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa.

Basi wewe mwajiri au msimamizi, usitosheke na nakala ya karatasi. Uliza Baraza lenyewe. Andika tarehe ya kuisha kwa kila leseni, na umkumbushe mwenye leseni miezi mitatu mapema. Muuguzi ambaye mshahara umechelewa, au aliye peke yake katika zahanati ya mashambani, si tapeli. Mpe nafasi ya kwenda mafunzoni. Hata hivyo, leseni ikiisha, mwondoe kwa wagonjwa mpaka apate nyingine. Wewe mfanyakazi mwenzake, mwambie faraghani kwanza. Asiposikia, au ukijua karatasi ni ya kughushi, toa taarifa bila kusita.

Nawe msomaji unayepeleka mgonjwa, una haki ya kuuliza, kwa adabu, kama anayemchoma sindano ana leseni. Muuguzi wa kweli hatakasirika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa atakayekufa si yule aliyeficha.