Aliyeazima konde naye apewe fungu la mti

Ukitoka Gombani, penye uwanja wa michezo ambao hakuna Mpemba asiyeujua, njia yoyote utakayoishika inakupitisha katika sura ileile ya kisiwa: kilima chenye mikarafuu, bonde la mpunga chini yake, kisha kilima kingine. Mpangilio huo ndio unaofanya miti ya Pemba isiwe jambo la watu wa misitu peke yao. Mvua ya masika ikinyesha juu ya kilima chenye miti, majani huivunja nguvu na mizizi huushika udongo, maji yakateremka taratibu na bonde likanywa. Kilima kikishakatwa miti na kulimwa muhogo mtupu, mvua hiyohiyo huuchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, na kuumwaga bondeni juu ya mpunga. Aliye juu anapoteza konde, aliye chini anapoteza mavuno. Na mvua zenyewe siku hizi hazina miadi: zinachelewa, kisha zinashuka kwa pamoja. Kwa upande wa pwani, wakulima wa Kisiwa Panza wameyaona maji ya chumvi yakiingia katika mashamba yao ya mpunga. Ardhi ya kulima inapungua kutoka juu na kutoka chini.

Jawabu letu la kawaida limekuwa ni kugawa miche. Serikali inawapa wakulima miche ya mikarafuu bila ya malipo, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mche uliogawiwa si mti. Mkarafuu unahitaji miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, na katika miaka yake ya mwanzo unataka kivuli, maji wakati wa kiangazi na palizi ya uangalifu. Maoni yangu ni kwamba kazi hiyo haifanyiki ipasavyo kwa sababu mtu anayeshika jembe karibu na mche huo kila siku, mara nyingi, hana fungu lolote katika mti utakaotokea.

Tuiangalie historia. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikawa tegemeo la zao hilo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya umma, na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa watu waliokuwa hawana kitu. Hata hivyo eka hazizaliani. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 406,848 katika Pemba. Ile ya 2022 ikawakuta 543,441, katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba elfu moja. Warithi wa eka tatu za babu leo ni wengi, baadhi yao wako Unguja, Dar es Salaam au Oman, na shamba linalimwa na jirani aliyeliazima. Ada yetu inamruhusu jirani huyo kupanda muhogo, viazi au mahindi chini ya mikarafuu, lakini inamkataza kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mwenye mti huhesabika kuwa na dai juu ya ardhi. Katazo hilo lilimlinda mwenye shamba. Leo linamfanya mlimaji aone kila mti mchanga kuwa ni kitu cha mwingine kinachomzibia jua muhogo wake. Simlaumu mtu kwa kufikiri hivyo. Watoto wake hula muhogo, hawali karafuu za mwenzake.

Kwamba fungu hubadilisha mwenendo si nadharia, tumeliona hapahapa. Kwa miaka mingi karafuu zilivushwa kwa magendo kwenda Mombasa kwa sababu bei ya nyumbani ilikuwa ndogo, na doria hazikuweza kuyamaliza magendo hayo. Ilipofika 2011 Serikali ikapandisha bei kwa kiasi kikubwa, na sera ikawa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua, na mashamba yaliyokuwa yameachwa yakaanza kupaliliwa. Mfano wa pili uko Kidike, kati ya Chake Chake na Wete. Popo wa Pemba, ambaye haishi popote pengine duniani, katika miaka ya 1990 aliwekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Wanakijiji wa Kidike waliilinda miti anayolala, wakanufaika na wageni wanaokuja kumtazama, na idadi ya popo ikaongezeka mno. Mradi wa HIMA nao, wa kuhifadhi misitu ya asili, ulioanza 2010, uliziwezesha jamii kutia saini mikataba na Idara ya Misitu ili zisimamie misitu yao wenyewe. Mikataba ilizipa sauti. Lakini fedha za kaboni, yaani malipo ya kutunza misitu ili ifyonze hewa chafu, hazikuja kama wanavijiji walivyotumaini, na bidii ya ulinzi isiyo na pato ni vigumu kudumu. Mifano yote mitatu inafundisha jambo moja: mtu hulitunza lile ambalo atalivuna.

Kwa hiyo napendekeza mkataba mfupi wa maandishi, ukurasa mmoja, uwekwe mbele ya sheha na mashahidi wawili. Mwenye shamba anabaki na ardhi, na mkataba uliseme hilo waziwazi: kupanda mti hakumpi mlimaji dai la kumiliki. Mlimaji naye anapata haki ya kulima kwa miaka inayojulikana, na fungu lililokubaliwa la mavuno ya kila mkarafuu, mdalasini au mti wa matunda alioupanda na kuukuza. Hapo muhogo na mgomba havitakuwa tena washindani wa mche. Vitakuwa kivuli chake katika miaka ya njaa, mpaka mkarafuu uweze kulipa.

Wapo watakaosema kuwa maandishi yataleta kesi. Kesi tunazo tayari, na nyingi zinatokana na maneno ya mdomo ya watu waliokwishakufa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la sheha ndilo litakalowalinda wote wawili. Wengine watasema mwenye njaa hawezi kungoja miaka minane. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi aache muhogo; nasema alime muhogo na mti pamoja, kwa mpango. Wapo pia wanaouliza kwa nini Pemba ijisumbue ilhali hewa chafu inayopasha joto dunia inatoka katika nchi tajiri. Lawama hiyo ni ya haki na tuipeleke mbele kila tunapopata nafasi. Lakini udongo unaoteremka bondeni ni wetu, na hakuna mkutano wa kimataifa utakaourudisha kilimani.

Kuna pingamizi moja zito zaidi, nalo ni kuni. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika 2010, lakini nyumba nyingi bado zinapikia kuni na makaa, na mkataba wa mkarafuu peke yake hautaondoa haja hiyo. Kwa sababu hiyo mkataba uruhusu pia miti ya kuni inayokua haraka mipakani mwa shamba, na mlimaji awe na haki ya kuikata.

Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo inaweza kuanza na shehia chache, zikiwemo zinazoizunguka Gombani, ambako ujenzi wa nyumba unazidi kuipandisha thamani ya kila kipande cha ardhi. Iandae fomu, iwafunze masheha, na iwape miche kwanza wale waliokwisha kuandikiana. Kisha ibadilishe hesabu inayotangazwa: badala ya miche iliyogawiwa mwaka huu, itangaze iliyo hai baada ya miaka mitatu. Tukianza kuhesabu hivyo, tutalazimika kumhesabu na anayeipalilia.