Mabalozi wa Darasani

Katika shule na vyuo vingi duniani umeenea utaratibu wa kuwakutanisha wanafunzi katika vikao vya kuigiza Umoja wa Mataifa. Kila mwanafunzi hupewa nchi, aghalabu isiyo yake, akatakiwa kuisemea mbele ya wenzake. Huwapo mwenyekiti, orodha ya wasemaji na hoja za utaratibu, na mwisho rasimu ya azimio hupigiwa kura. Wapo watu wazima wanaouona utaratibu huo kuwa mchezo wa watoto waliovalishwa tai. Wanakosea, ingawa kuhusu hizo tai hawakosei sana.

Jambo lenyewe si geni. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani waliigiza vikao vya Shirikisho la Mataifa katika miaka ya 1920, kabla Umoja wa Mataifa haujaundwa mwaka 1945. Mjini The Hague mkutano wa wanafunzi wa sekondari ulianzishwa mwaka 1968.

Faida yake huonekana pale mwanafunzi anapolazimika kutetea asichokipenda. Na tuchukulie suala la maji ya Nile. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, iliipa Misri haki ya kupinga kazi yoyote katika mto huo na maziwa yake ambayo ingepunguza maji yaifikiayo. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi na mapatano hayo. Mwaka 2010 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini mkataba mpya wa ushirikiano, ambao ulianza kutumika mwezi Oktoba 2024 bila ya saini ya Misri wala Sudan. Mwanafunzi wa Mwanza, anayelitazama Ziwa Viktoria kila asubuhi, huyajua haya upande mmoja tu. Akipewa kiti cha Misri atalazimika kueleza nchi ya jangwa itaishi vipi ikiwa mto wake wa pekee utapungua. Hatageuka Mmisri kwa kufanya hivyo. Lakini siku atakapoketi mezani kuitetea Tanzania, hatashangazwa na neno lolote litakalotoka upande wa pili.

Hujifunza pia kwamba kura zote si sawa. Mwaka 1981 Ndugu Salim Ahmed Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Kurt Waldheim vivyo hivyo, duru baada ya duru, hata wote wawili wakajiweka kando na kiti kikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kijana anaweza kuikariri habari hiyo kwa ajili ya mtihani na kuisahau mwezi unaofuata. Yule aliyekwisha kuketi katika Baraza la Usalama la darasani, akaiona hoja yake iliyoungwa mkono na wajumbe kumi na wanne ikiangushwa na mkono mmoja, hataisahau.

Lililo baya ni kwamba vikao hivi, katika Afrika Mashariki, vimekuwa zaidi mali ya shule zenye ada kubwa, na huendeshwa kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019, na Umoja wa Afrika uliipitisha kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Ni ajabu basi kwamba mwanafunzi wa shule ya kata, aliye hodari wa kujenga hoja kwa Kiswahili, aonekane hana la kusema kuhusu dunia kwa sababu tu hajui kulisema kwa lugha ya wengine.

Maofisa elimu na wakuu wa shule wanaweza kuliondoa kasoro hilo bila kungoja fungu jipya la fedha. Vinavyohitajika ni ramani, vipande vya karatasi ngumu vya kuandikia majina ya nchi, mwalimu wa historia au uraia aliyeisoma mada kabla ya wanafunzi wake, na Jumamosi moja katika muhula. Tai si lazima.

Na mwalimu huyo awe mwangalifu katika kutoa sifa. Desturi ya mahali pengi ni kumtuza aliyesema sana na kwa madaha. Astahiliye zaidi ni yule aliyetumia muda wa mapumziko kwenda kwa mpinzani wake, akamsikiliza, wakarudi ukumbini na kifungu kimoja ambacho wote wawili wanaweza kukitia saini.