Jamani, msiisingizie printa!

Wadau, leo mnivumilie. Siandiki siasa wala Simba na Yanga. Naandika kuhusu vistari. Ndiyo, vile vistari vilivyokatwakatwa kwenye michoro ya kompyuta, ambavyo vikifika kwenye karatasi vinageuka mstari mmoja mzima. Muulize mchoraji, jibu ni lilelile: "Printa hiyo, bosi."

Si kweli. Huo ni uzembe.

Utasema, mwandishi wa habari na mambo ya michoro wapi na wapi? Haya, twende Mbekenyera, kule Ruangwa, mkoani Lindi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mambo makubwa yanapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Maana yake ramani haisomwi na wahandisi peke yao. Inasomwa na mzee mwenye mikorosho na mama mwenye shamba la ufuta. Ukiwaambia kwamba mstari mzima ni mpaka na wa vipande ni hifadhi ya barabara, halafu ukawaletea karatasi ambayo yote ni mizima, umewasomesha nini?

Tupige hesabu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Kwenye ramani ya 1:5,000, mita 22.5 ni milimita 4.5, na mita 30 ni milimita 6. Tofauti ni milimita 1.5 tu! Ndani ya milimita hiyo moja na nusu kuna swali zito: nani aliifuata barabara, na nani alifuatwa nayo? Aliyewahi kuona X nyekundu ukutani kwake anajua uzito wa swali hilo.

Sasa ugonjwa wenyewe. AutoCAD inavikuza vistari kwa kuvizidisha kwa namba iitwayo LTSCALE. Wengi wamekariri: mchoro ni 1:100, andika LTSCALE 100. Kwenye modeli inapendeza. Lakini kwenye leiauti kuna PSLTSCALE. Ikiwa 1, vistari vinapimwa kwa karatasi, si kwa uwanja. Kistari cha HIDDEN katika faili la kimetriki ni 6.35. Zidisha kwa 100, unapata milimita 635. Karatasi ya A3 ina urefu wa milimita 420! Kistari kimoja kimeizidi karatasi nzima. Printa ifanye nini?

Kinyume chake kipo pia. Aliyepakia faili la inchi kwenye leiauti ya milimita, LTSCALE ikiwa 1, anapata kistari cha milimita 0.25 na nafasi ya 0.125. Unene wa mstari unaimeza nafasi, kwisha kazi.

Tiba haihitaji semina wala posho. Pakia aina za mistari kutoka acadiso.lin. Weka LTSCALE, CELTSCALE, PSLTSCALE na MSLTSCALE zote ziwe 1 (hiyo ya mwisho ipo tangu toleo la 2008). Kagua mistari ya zamani, maana kila mmoja hubaki na kipimo uliochorwa nacho. Kisha piga REGENALL. Hapo dirisha la 1:500 na la 1:5,000 kwenye karatasi moja yatatoa vistari vya urefu uleule.

Mpaka uliopimwa kwa GPS bado unagoma? Una ncha nyingi zilizosongamana, na mchoro wa vistari unaanza upya kila kwenye ncha. Washa PLINEGEN kwenye sifa za polilaini hiyo, vistari vitapita mfululizo.

Wapo mafundi wa njia ya mkato: wanaukata mstari kimojakimoja kwa mkono. Unaonekana mzuri, lakini umeshaua mpaka. Haufungi tena, na ukiitaka kompyuta ikupe eneo la shamba haina cha kukupa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hawa wanaupaka ufa rangi!

Najua utetezi utakaokuja: wataalamu wanaelewana, na ufunguo upo pembeni. Wataalamu hawalimi Mbekenyera. Na huo ufunguo mara nyingi ni kijimstari kifupi kisichotosha hata mchoro mmoja wa vistari, kwa hiyo nao unatoka mzima. Ufunguo usiofungua!

Sisi wa magazeti tukisahau alama za kunukuu, maneno ya mtu yanageuka yetu na mahakama inatusubiri. Mbona mchoraji akifuta tofauti ya mpaka na hifadhi tunacheka na kulaumu wino? Anayepokea mchoro aukague kwenye karatasi, si kwenye kioo. Mistari ikiwa mizima yote, muhuri ubaki mfukoni.

Naomba kuwasilisha.